Mbwa jike mzee anayevuja mkojo: nywele za mahindi, soya, mbegu za maboga au vidonge?

Tunu alianza na doa dogo kwenye gunia lake la kulalia, doa la ukubwa wa kiganja. Nikadhani amemwaga maji ya bakuli. Wiki ya pili doa likawa kubwa kama sahani, wiki ya tatu harufu ikatufikia barazani. Mwenyewe hakuwa na habari. Aliamka, akajinyoosha, akageuka kunusa pale alipolala, kisha akanitazama masikio yameanguka, maana tangu mdogo anajua kwamba ndani hapakojolewi. Ana miaka tisa, ni chotara wa Rottweiler, na alitolewa kizazi akiwa na mwaka mmoja na nusu.

Kila niliyemweleza alikuwa na dawa yake. Bibi jirani yetu hapa Arusha akasema, "Mwanangu, mchemshie nywele za mahindi, hiyo ndiyo dawa ya mkojo." Kijana wa duka la pembejeo akashauri siki ya tufaha. Shemeji aliyeko Nairobi akasifia mbegu za maboga, binti yake akaongeza soya na kranberi, tunda dogo jekundu la ng'ambo. Wote walisema kwa upendo na hakuna aliyesema upuuzi. Shida ni kwamba vitu hivyo havifanyi kazi moja. Kimoja kinahusu kibofu, kingine kinahusu bakteria kwenye mkojo, kingine kinauongeza mkojo wenyewe. Ukiviweka mezani na kuuliza kipi kina nguvu zaidi, utachagua vibaya. Mimi nilijifunza kuuliza: hiki kinagusa wapi?

Ni koki au ni tenki?

Mkojo hukaa kwenye kibofu kama maji kwenye tenki, na pale mrija unapoanzia kuna misuli inayobana kama koki. Kwa jike, uimara wa koki hiyo unategemea kwa sehemu estrojeni, homoni inayotengenezwa na ovari. Ovari zikiondolewa, kama inavyokuwa jike akitolewa kizazi, estrojeni hushuka, na kwa baadhi ya majike misuli ile hulegea na kuwa mizito kuitikia amri ya neva. Mbwa akiwa macho anakwenda haja ndogo kama kawaida. Akishikwa na usingizi mzito, mkojo unapita kidogo kidogo bila yeye kujua.

Tafiti nyingi huwataja majike kati ya 5 na 20 katika kila 100 waliotolewa kizazi, na kwa mbwa wenye zaidi ya kilo 20 hatari huwa kubwa zaidi. Rottweiler, Boxer na Doberman hutajwa mara kwa mara, na hao ndio mbwa wa ulinzi tunaowapenda huku kwetu. Tatizo huanza mara nyingi miaka michache baada ya operesheni, ingawa wengine hukaa salama hadi uzee na unene viwakute pamoja.

Nisieleweke kwamba najuta kumtoa Tunu kizazi. Usaha kwenye kizazi huua majike wazee wengi ambao hawakufanyiwa, na mtaa wetu una mbwa wa kutosha wasio na mwenyewe. Ningefanya vilevile tena.

Sasa, tenki likifurika hata koki nzima itavuja. Kisukari, figo zinazochoka, ugonjwa wa tezi za adrenali unaoitwa Cushing, hata vidonge vya prednisoloni alivyoandikiwa kwa mwasho wa ngozi, vyote humfanya mbwa anywe maji kupita kiasi. Hili unaweza kulipima nyumbani bila kulipa senti. Jaza bakuli kwa chupa ya lita moja, hesabu chupa kwa saa 24, na uhakikishe hakuna ndoo nyingine anakochungulia. Mbwa anayekunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya mwili wake anakunywa sana: kwa mbwa wa kilo 20 hiyo ni lita mbili kwa siku. Huyo hahitaji dawa ya koki, anahitaji kupimwa damu. Na kwa mbwa yeyote, maji yasifichwe. Figo za mzee zikinyimwa maji huharibika haraka, na mkojo mzito unachoma ngozi zaidi.

Kuna pia mbwa anayechuchumaa kila dakika na kutoa matone, anayejilamba, mwenye mkojo wenye damu au harufu mpya. Huyo huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo, au mawe kwenye kibofu. Kuna anayekojoa mlangoni akiwa macho kabisa kwa sababu nyonga zinamuuma na kuinuka kumechelewa. Na yule anayeburuta miguu ya nyuma apelekwe leo leo, maana huenda tatizo liko uti wa mgongo.

Daktari wetu wa mifugo alinikatiza kabla sijamaliza orodha ya dawa za majirani. "Mama Baraka, usimpe kitu chochote kwanza. Niletee mkojo." Nilimuuliza utakingwaje mkojo wa mbwa wa kilo 41. Akaniambia nitumie upawa. Asubuhi, kabla hajakunywa chai yake ya maziwa (ndiyo, hunywa, na hilo nalo nililikomesha), nikamfuata nyuma na upawa safi wenye mpini mrefu, nikakinga mkojo wa katikati, nikaumimina kwenye chupa safi na kuufikisha kliniki ndani ya saa moja. Vaa glavu, unawe mikono. Bakteria wa leptospira hupita kwenye mkojo wa mbwa na humuumiza binadamu pia.

Kipimo hicho kilionyesha hana sukari, hana damu, hana maambukizi. Ni koki. Kutoka hapo ndipo ulinganisho huu unaanza, na kwa mbwa ambaye hajapimwa usiutumie.

Nywele za mahindi na soya

Hizi mbili naziweka pamoja kwa sababu zote ziko jikoni kwetu, zote ni rahisi, na zinafanya mambo yanayopingana.

Nywele za mahindi, au ndevu kama wengine wanavyoziita, ni dawa ya zamani ya mkojo kuanzia Amerika mahindi yalikotoka hadi China na huku kwetu. Bibi jirani hakubuni. Chai yake inasemwa kutuliza kuta za kibofu na mrija zilizowashwa, na huongeza mkojo kidogo. Soma tena hilo la mwisho. Kwa mtu anayeumwa akikojoa, mkojo mwingi mwepesi ni nafuu. Kwa mbwa ambaye koki yake imelegea, unamjazia tenki usiku. Ndiyo maana waganga wa mimea wanaoitumia kwa mbwa huitoa kidogo sana, na mimi ningeitoa asubuhi tu. Ushahidi wake kwa kuvuja kwa jike aliyetolewa kizazi ni wa mapokeo na masimulizi ya wenye mbwa.

Kuna jambo jingine ambalo makala za Ulaya na Marekani haziwezi kukuambia. Tangu 2017 mashamba yetu yanapambana na viwavijeshi vamizi, na mkulima hupiga dawa kwenye mahindi mara kadhaa kwa msimu. Nywele ziko nje kabisa, hazina ganda la kuzifunika. Ukinunua mahindi mabichi ya kuchoma sokoni na kumchemshia mbwa nywele zake, huenda unamchemshia sumu ya wadudu. Tumia za shamba lako, ambalo unajua halikupigwa dawa. Na zikaushwe vizuri: zilizowekwa zikiwa na unyevu huota ukungu, na hatari ya sumukuvu kwenye mahindi tunaijua wote. Mbwa huathirika nayo vibaya kuliko ng'ombe.

Mimi nilichukua nywele za mahindi ya nyuma ya nyumba, fungu dogo linaloshikwa kwa vidole vitatu, nikalimwagia kikombe cha maji yaliyochemka, nikaacha yapoe, nikamwekea vijiko viwili vya chakula kwenye uji wake wa asubuhi. Matokeo nitayasema chini.

Soya inakwenda moja kwa moja kwenye chanzo, angalau kwa hoja. Ina isoflavoni, kemikali za mmea zinazofanana na estrojeni na zinazoweza kushika pale estrojeni inaposhika, ila kwa unyonge mno. Hoja ni nzuri: homoni imepungua, tumrudishie kidogo kwa chakula. Lakini nguvu yake ni ndogo sana ukiilinganisha na homoni yenyewe, na hakuna kiwango cha mbwa kilichothibitishwa. Wengine huona nafuu, wengine huona gesi tumboni tu. Soya isipikwe nusu nusu. Mbichi ina viambata vinavyozuia kuyeyusha protini, kwa hiyo unga wa soya uchemke vizuri kama unavyopika uji wa mtoto. Usimpe mbwa aliyewahi kuwa na uvimbe wa matiti, wala aliyewahi kutolewa mawe ya oksaleti (aina mojawapo ya mawe ya kibofu), kwa kuwa soya ina oksaleti nyingi.

Kati ya hizi mbili, kwa mbwa ambaye shida yake ni koki na hana maumivu yoyote ya mkojo, ningeanza na soya. Nywele za mahindi ningeziacha kwa mbwa ambaye daktari amesema kibofu kina mwasho lakini hakina maambukizi. Najua bibi yangu wa jirani hatafurahi.

Mbegu za maboga

Hizi zina utafiti, ila wa binadamu. Japani mafuta ya mbegu za maboga yamejaribiwa kwa watu wenye kibofu chenye haraka, wale wanaoamka usiku mara nne kwenda chooni, na yalionekana kusaidia. Kibofu chenye haraka kinabana wakati hakijajaa. Koki iliyolegea ni jambo tofauti. Lakini mbwa mzee anaweza kuwa na vyote viwili, na hapo mbegu za maboga zina nafasi.

Ubaya wake ni mafuta. Gramu 100 zina zaidi ya kilokalori 500, na kwa mbwa mnene, ambaye uzito ndio unaokandamiza kibofu, kijiko cha leo na kijiko cha kesho vinarudisha kwa mlango wa nyuma kile unachojaribu kuondoa. Kama utazitumia, zikaange bila chumvi, zisage, toa kijiko kidogo cha chai kwa mbwa mkubwa, na upunguze chakula kingine. Zile za pakiti zenye chumvi za kutafuna stendi ziache hapo hapo.

Kranberi, siki, na vile visivyostahili kabisa

Kranberi ni ya maambukizi. Inadaiwa kuzuia bakteria wa E. koli wasishike ukuta wa kibofu, na hata huko matokeo kwa mbwa yamekuwa ya kuyumba. Kwa koki haifanyi kitu. Juisi ya dukani imejaa sukari. Na kwa kuwa kranberi kavu ni nadra huku, kuna anayeona zabibu kavu na kusema zinafanana. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa, na huwezi kujua mapema ni mbwa gani atakufa kwa chache.

Siki ya tufaha inatajwa kila mahali. Haina namna ya kukaza misuli. Inachoma tumbo, mbwa wengi hukataa chakula chenye harufu yake, na kuufanya mkojo uwe na asidi kwa muda mrefu ni njia mojawapo ya kutengeneza mawe ya oksaleti. Sikuinunua.

Kitunguu saumu na kitunguu maji huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa. Visiingie kwenye dawa yoyote ya kienyeji unayompikia. Mlonge na mwarobaini huuzwa kama tiba ya kila kitu, ila kwa koki iliyolegea hakuna sababu ya kuvitumia.

Hatari kubwa kuliko zote ni kidonge cha mafua. Wapo wanaosikia kwamba dawa ya mbwa ya kuvuja mkojo ni ndugu wa dawa za kuzibua pua, wanakwenda duka la dawa na kununua za binadamu. Nyingi zina parasetamoli ndani yake, na nyingine zina dawa ya kuzibua pua ambayo kipimo cha mtu ni sumu kwa mbwa. Ni hivyo hivyo kwa mmea wa efedra, ambao huuzwa mtandaoni kama mimea ya kupunguza unene. Ni wa asili kabisa, na unaweza kumsimamisha mbwa moyo.

Tiba ya sindano za Kichina (akupancha, ya kuchoma sindano nyembamba zisizo na dawa) hutolewa na baadhi ya madaktari wa mifugo waliofunzwa, zaidi Ulaya na Marekani. Ningeifikiria kwa mbwa ambaye mgongo na nyonga vinamsumbua na ndiyo maana hawahi nje. Kwa koki peke yake ningetumia fedha hiyo kwingine.

Uzito, ratiba, na mahali pa kulala

Hapa ndipo asili hasa ilipo, na hapauzwi kwa chupa. Mbwa mnene huvuja zaidi kuliko mwembamba wa umri uleule, kwa sababu mafuta ya tumboni hukisukuma kibofu, na kuna mbwa ambao kupungua peke yake kumewapa nafuu kubwa. Tunu alikuwa na kilo 41. Daktari alimshika mbavu, hakuzipata, akasema afike 34.

Kosa lilikuwa jikoni kwangu. Ugali wa jioni, mabaki ya wageni, maziwa ya asubuhi, mifupa yenye mafuta. Tulimpimia kwa kikombe kimoja kisichobadilika, tukaongeza mchicha na maharage machanga yaliyochemshwa ili tumbo lijae, na dagaa wachache kwa protini. Kasi nzuri ni kupungua asilimia moja hadi mbili ya uzito kwa wiki. Kwake hiyo ilikuwa chini ya kilo moja, na kwa miezi ya kwanza nilihisi namtesa. Alinitazama nikila. Lakini kufikia kilo 37 alianza kupanda ngazi za baraza bila kusimama katikati, jambo ambalo sikuwa nimegundua kwamba alikuwa ameliacha.

Ratiba ni rahisi kuliko unavyodhani. Mtoe nje mara ya mwisho saa nne au saa tano usiku, si saa moja jioni unapofunga geti. Msubiri amalize, maana mbwa wa ulinzi akitoka usiku hukimbilia uzio kwanza na kusahau haja yake. Mtoe tena alfajiri kabla ya kitu chochote. Kibofu kinacholala na nusu ya maji huvuja nusu ya ile aibu.

Na mahali pa kulala. Mbwa wengi wa huku hulala bandani juu ya saruji au mchanga, na kwa sababu hiyo kuvuja hugunduliwa kwa kuchelewa, wakati ngozi ya mapajani imeshababuka. Mchanga wenye mkojo una hatari yake: yupo nzi anayetaga mayai kwenye mchanga wa namna hiyo na kwenye nguo zilizoanikwa chini, na funza wake hutoboa ngozi ya mbwa na ya mtoto anayecheza hapo. Tulimtengenezea Tunu kitanda cha mbao kilichoinuliwa, juu yake turubai, juu ya turubai magunia mawili ya kubadilishana. Sehemu za nyuma huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa kila asubuhi, nywele ndefu hapo zikatwe, kisha Vaseline nyembamba. Usitumie krimu ya nepi ya mtoto. Nyingi zina zinki, mbwa ataziramba, na zinki inamdhuru. Ukiosha sakafu kwa Jik, mwaga maji kwanza uondoe mkojo, kwa kuwa mkojo na klorini vikikutana hutoa moshi unaochoma mapafu yako na yake.

Hakuna kati ya haya kinachokaza koki. Lakini yanapunguza kinachoisukuma, na hayana madhara hata moja. Mbele ya mimea yote ninayoijua, haya yanakaa juu.

Vidonge: usiviogope wala usivikimbilie

Nilikuwa na dhana kwamba vidonge ni kushindwa. Daktari alinisahihisha bila kunifokea. Dawa mbili ndizo zinazotumika zaidi duniani kwa tatizo hili, na zote zinagusa koki yenyewe.

Ya kwanza ni fenilipropanolamini, inayouzwa kwa majina kama Propalin na Proin. Inaiamsha misuli ya koki ibane. Inafanya kazi kwa mbwa zaidi ya saba katika kila kumi, mara nyingi ndani ya siku chache, lakini hutolewa kila siku, pengine mara mbili au tatu, maisha yote. Inaweza kupandisha shinikizo la damu, kumfanya mbwa ahangaike, ahemehe, akose usingizi au hamu ya kula. Mbwa mwenye ugonjwa wa moyo, figo au shinikizo haifai kwake bila uangalizi wa karibu. Kwa binadamu dawa hiyo iliondolewa madukani Marekani kuanzia 2000, kwa sababu ilihusishwa na kiharusi hasa kwa wanawake, kwa hiyo ndani ya nyumba ihifadhiwe kama dawa nzito.

Ya pili ni estrioli, inayojulikana kama Incurin. Hii ni estrojeni ya muda mfupi, na nashangaa kila mtu anayenieleza kwamba anataka "cha asili" na kuikataa hii, ilhali ni ya jamii ileile ya homoni za mwili ambazo soya inajaribu kuziiga. Katika utafiti uliochapishwa 2001 kwa majike 129, karibu sita katika kila kumi walikauka kabisa na wengine wawili hivi wakapata nafuu. Dozi yake haifuati uzito wa mbwa. Huanza juu, kisha daktari anaishusha hadi kiwango kidogo kinachotosha, na mbwa wengine hufikia kumeza siku moja na kuruka siku moja. Madhara yanayoonekana ni uke kuvimba kidogo, matiti kujaa, na madume wa mtaa kuanza kukaa getini. Haitolewi kwa jike ambaye hakutolewa kizazi.

Ukizilinganisha zenyewe: kwa mbwa mwenye moyo dhaifu ningeuliza estrioli kwanza, kwa aliyewahi kuwa na uvimbe wa matiti ningeuliza fenilipropanolamini. Upatikanaji unatofautiana. Huku Afrika Mashariki daktari huenda akalazimika kuagiza, kwa hiyo anza mazungumzo kabla akiba ya uvumilivu haijaisha. Zikishindikana zote, yapo mambo ya upasuaji, kama kudunga kolajeni kwenye mrija au kuweka pete ya kubana, yanayofanywa kwenye hospitali kubwa za nje.

Namna ya kujua kama kinasaidia

Kosa nililokaribia kulifanya ni kuanza vyote kwa pamoja. Ungejuaje? Majaribio ya dawa hizi yameonyesha kwamba hata majike waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani, sehemu kubwa walionekana na wenye mbwa kuwa wamepata nafuu. Macho yanayopenda huona nafuu. Ndiyo maana nilichukua daftari la shule la Baraka, nikaandika kila asubuhi neno moja: kavu au bichi. Siku kumi na nne bila dawa yoyote, kisha badiliko moja, kisha wiki nne za kusubiri.

Za Tunu zilisomeka hivi. Kabla ya kitu chochote, asubuhi tisa bichi kati ya kumi na nne. Baada ya miezi ya chakula kipya na kutoka nje usiku, tano. Soya kwa wiki nne, bado nne au tano kwa kila siku kumi na nne, na tumbo likijaa gesi. Nywele za mahindi kwa wiki mbili, saba, niliacha. Sikujaribu mbegu za maboga kwa sababu ya uzito wake.

Kama mbwa wako anavuja mara moja au mbili kwa wiki, amepimwa mkojo na hana shida nyingine, nadhani una haki ya kumpa miezi miwili mitatu ya uzito, ratiba na soya kabla ya kuongea habari ya kidonge. Kama analowa kila usiku, ngozi imebabuka, au amelazwa nje kwa sababu nyumba imemchoka, usimcheleweshe kwa ajili ya msimamo wako kuhusu dawa za asili. Anza kidonge, endelea na uzito, na baadaye mwombe daktari aishushe dozi. Kama ni mzee sana, mwenye figo mbaya, kazi kubwa itakuwa kitanda kikavu na maji ya uvuguvugu, na hiyo ni tiba halali.

Tunu tulimwanzishia estrioli baada ya daktari kumpima shinikizo la damu na kumshika matiti yote kumi kutafuta uvimbe. Wiki ya pili kurasa za daftari zikaanza kuandikwa kavu, kavu, kavu. Sasa ana kilo 35 na anameza kidonge siku moja baada ya nyingine. Mwezi huu amelowa mara moja tu, usiku wa mvua kubwa alipogoma kutoka nje.

Bibi jirani aliniuliza juzi kama nywele za mahindi zilisaidia. Nilimwambia ukweli, kwamba zilimzidishia. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi zake zilikuwa nyingi." Inawezekana. Nimemwachia fungu kubwa la zile za nyuma ya nyumba, ambazo hazikupigwa dawa.